Mwaka Niliomsomea Tata

Baba yangu alianza kunisahau wakati zaburi bado anazikumbuka. Hilo lilinichanganya kwa muda mrefu. Aliweza kusimama mlangoni kwake Ijumbi, kijijini wilaya ya Muleba, mkono mmoja ukishika mwimo, akaisema zaburi nzima kwa Kihaya bila kuruka neno, kisha akanigeukia na kuniuliza mimi ni binti wa nani. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kwa miaka mingi. Alifundisha vijana wa kipaimara, alisimama kwenye makaburi ya watu wengi, na Jumapili alisoma masomo kwa sauti ambayo watoto waliacha kuchezacheza waisikie. Sisi tulimwita Tata, kama Wahaya wanavyowaita baba zao, na hadi leo nikijaza fomu na kuandika "baba" najiona kama namwandika mtu mwingine.

Mama alifariki zamani. Tulibaki watoto wawili, mimi na kaka yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Bukoba. Kaka ananunua dagaa kisiwani Bumbire na kuwavusha nchi kavu. Yeye ana mke na watoto wanne, mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo ilipofika siku ya kuamua nani akakae na mzee hapakuwa na kikao kirefu. Kaka alinipigia simu, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya dagaa, kisha akasema, "Wewe ndiye unayemweza."

Nikaomba likizo bila malipo. Nikafunga nyumba niliyopanga mtaa wa Kashai, nikabeba mifuko miwili, mmoja wa nguo na mwingine wa vitabu.

Mfuko ule wa vitabu unanifanya nijionee huruma nikiukumbuka. Kabla ya mwaka ule nilikuwa msomaji kwelikweli. Kila Jumamosi, baada ya kufua, niliteremka hadi maktaba ya mjini na kukaa mpaka wafunge. Mkutubi, mama mrefu aliyenizidi umri kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alikuwa ananiwekea vitabu chini ya meza yake kabla wengine hawajaviona. Nilipokwenda Ijumbi nilidhani kijijini nitakuwa na muda. Nilijiambia Tata atakuwa analala mchana, na mimi nitakaa barazani nisome. Mfuko ule ulikaa chini ya kitanda mwaka mzima. Nilipoufungua, panya walikuwa wamekula pembe za vitabu vitatu.

Siku zilikuwa hivi. Namwogesha, namvisha, namlisha uji. Nikienda jikoni, nikirudi amevua nguo. Nikifua, yeye ameingia kibanjani, katikati ya migomba, anamtafuta ng'ombe aliyechinjwa kabla sijazaliwa. Namrudisha kwa maneno ya taratibu. Msimu wa kahawa niliianika kwenye majamvi uani, naye akaifagia yote kwenye majani kwa sababu aliona ni uchafu. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikuwa na furaha siku tatu mfululizo, akakaa nami kuwanyonyoa mabawa, vidole vyake vikifanya kazi haraka kuliko vyangu, na siku hizo tatu ungesema hana ugonjwa. Siku ya nne alificha sahani ya senene ndani ya mfuko wa koti la kanisani, nikaja kuigundua kwa harufu.

Kilichomtuliza ni kusomewa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kusoma mwenyewe. Basi alasiri, jua likishateremka kwenye migomba, nilimkalisha kwenye kiti chake cha kamba nikamsomea. Nilianza na Biblia. Baadaye nilimsomea magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani, barua za chama cha ushirika, maelezo ya dawa yake ya presha, chochote chenye herufi. Hakujali ni nini. Aliinamisha kichwa na kusikiliza, na nikisoma Kihaya vibaya alinikatiza. "Hapo hujavuta. Rudia." Nikarudia. "Sasa sawa, Mae."

Mae ni mama. Kwa miezi kadhaa ya mwanzo nilimsahihisha kila aliponiita hivyo. Nilisema, "Tata, mimi ni mwanao," akaitikia kwa adabu kama mtu anayekubali maneno ya mgeni, na baada ya muda mfupi akaniita Mae tena. Mama aliyekuwa akimtafuta kwangu ni mama yake mzazi. Huyo alikuwa mtu wa Kishanda, na huko ndiko Tata alikozaliwa na kukulia kabla ya kuhamia Ijumbi.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka kuieleza, ambayo kwa muda mrefu sikumweleza mtu.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tata alikuwa ameamka na swali moja. "Mae, tunarudi lini Kishanda?" Nikamwambia kesho. Akauliza tena nikimpa uji. Akauliza nikimfunga vifungo. Akauliza nikiwa nimepiga magoti nafuta sakafu. Kuni zilikuwa zimelowa, moshi ulijaa jikoni, usiku wa jana yake sikulala. Nilikuwa nimemaliza kumwogesha na kumvisha suruali safi, nikageuka kuchukua taulo, na nilipomtazama tena amejichafua. Akanitazama bila habari. "Mae, tunarudi lini Kishanda?"

Niliweka beseni chini. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa natumia darasani kwa wanafunzi wakorofi, "Mimi siyo mama yako. Mama yako alikufa. Alikufa zamani na wewe ndiye uliyemzika."

Akatafuta ukingo wa kitanda kwa mkono, akakaa.

"Alikufa lini?" akauliza.

Nikaliinua tena beseni.

"Mbona hamkuniita?"

Kisha akalia. Simaanishi alitokwa na machozi kama wazee wanavyotokwa. Alilia kilio cha msiba, mikono kichwani, akiita "Mae, Mae," kama mtu aliyeletewa habari saa ile ile. Na kweli ndiyo kwanza alikuwa ameletewa. Aliniomba nimpe koti lake aende kuzika. Nikamshika, nikamwambia samahani, nikamwambia nimekosea, mama yupo, lakini lilikuwa limeshamwingia. Nikamvalisha koti juu ya fulana. Nikaenda kuchemsha maji kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Niliporudi na kikombe, sababu ya kilio ilikuwa imeshamtoka kichwani, lakini kilio chenyewe kilikuwa bado kipo. Alinitazama uso ukiwa umelowa.

"Mae," akasema, "mbona nalia?"

"Sijui, Tata," nikamjibu. "Kunywa maji."

Tangu siku hiyo nikawa Mae. Akiniita niliitika. Akiuliza Kishanda nilimwambia tutakwenda mvua ikikatika. Lakini kila nilipoitika nilisikia pia ile sauti yangu ya darasani.

Likizo yangu ilipokaribia kwisha ilinibidi kwenda Bukoba kuomba niongezewe muda. Nilimwacha na jirani, mama mjane ambaye shamba lake linapakana na letu. Tata alimzoea. Niliondoka alfajiri, nikasema nitarudi kabla ya giza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi nikisubiri kuitwa, simu ikalia. Jirani alisema tu, "Mwanangu, rudi nyumbani." Sikumwuliza kwa nini.

Alikuwa amekunywa uji wote, jirani alinieleza baadaye. Akaomba kiti chake kiwekwe nje. Aliuliza mara mbili yule mama yuko wapi, jirani akamjibu amekwenda mjini anakuja. Jirani akaingia ndani kuchukua blanketi, na aliporudi kichwa kilikuwa kimeinama upande. Alidhani amesinzia.

Tulimzika kibanjani, kando ya mama yetu. Kaka alivuka ziwa akafika siku hiyo hiyo, akalia kuliko watu wote, hadi wanaume wawili wakamshika mabega. Nilimtazama nikiwa na macho makavu. Mwaka mzima alikuwa amekuja mara tatu, na kila mara alikaa muda wa kunywa chai. Niliwaza kwamba huyu ana nguvu za kulia kwa sababu hakuzitumia kwenye kazi nyingine. Baada ya matanga alitaka kuzungumza nami, nikamwambia nina basi la kuwahi.

Nyumba ya Kashai ilinuka ukungu wa mwaka mzima. Nilifungua madirisha, nikarudi kazini. Wenzangu walinipokea vizuri, lakini nilikuwa kama mtu aliyeingia kanisani mahubiri yakiwa yamefika katikati. Mwalimu mmoja alikuwa ameolewa na mwingine amehamishwa. Kidato nilichokiacha kinasoma nilikikuta kimemaliza. Kwenye simu yangu kulikuwa na salamu za miezi, za watu waliouliza niko wapi kisha wakaacha kuuliza. Nilianza kuwajibu mmoja mmoja. Niliandika "Samahani, nilikuwa namuuguza mzee," halafu nikakwama, kwa sababu sentensi inayofuata ilikuwa lazima iseme mzee yuko wapi.

Na sikuweza kusoma. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikaa na daftari la mwanafunzi, nikasoma mstari, nikifika mwisho nimesahau mwanzo. Nikarudi, nikasahau tena. Nilijaribu riwaya niliyoipenda zamani, moja ya zile ambazo panya hawakuzigusa. Baada ya ukurasa mmoja sikuweza kusema nani amefanya nini. Nilianza kuamini kwamba ugonjwa wa Tata uko pia ndani yangu, umeanza mapema, na kwangu umeanzia kwenye vitabu. Sikumwambia mtu. Nilisahihisha kwa kusoma kila insha mara nne.

Maktaba sikuirudia kwa hiari yangu. Mwalimu mkuu alinituma kuuliza kama wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuandikishwa kwa pamoja. Niliingia nikiwa nimeshika barua ya shule. Mkutubi alikuwa pale pale. Alipandisha miwani.

"Ulihama?" akaniuliza.

"Nilikuwa Muleba. Namuuguza mzee."

"Anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Akatoka nyuma ya meza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mwalimu." Akauacha mkono, akaisoma barua, akagonga muhuri. Kisha akauliza kama zamani, "Nikutafutie kitu?"

"Siwezi kusoma," nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza nilisema. "Herufi naziona, lakini hazikai."

Nilingoja acheke au aniambie nikapime macho. Aliniuliza tu, "Tangu lini?"

"Tangu niliporudi."

"Njoo huku."

Akanipeleka kona ya watoto. Kulikuwa na meza fupi na viti vifupi, na vitabu vyembamba vyenye majalada yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi. "Nilipofiwa na mume wangu," akasema akiwa anachagua, "nilisoma vya darasa la pili karibu nusu mwaka. Nilikuwa navibeba nyumbani, nawaambia watu ni vya wajukuu. Sikuwa na wajukuu wakati ule." Akaniwekea vitatu mezani, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikaa, magoti yakinifika karibu na kidevu. Cha kwanza kilikuwa cha kuku aliyehesabu vifaranga wake kila jioni na kila jioni akapata idadi tofauti. Mistari miwili kila ukurasa, na picha. Nilisoma ukurasa, nikaelewa. Nikafungua mwingine, nikaelewa. Nilifika mwisho nikiwa namkumbuka kuku wa mwanzo. Nilifunika kitabu na kulia pale pale, kwenye kiti cha mtoto, na sidhani kama nilikuwa nalia kwa ajili ya kitabu. Tangu Tata alipofariki sikuwa nimelia.

Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine. Nilipanda polepole, vya darasa la pili, la nne, hadithi zenye sura tano, sura kumi. Siku moja mzee aliyekuwa akisoma gazeti meza ya jirani aliinama akaniambia kwa upole, "Mama, tusaidie, punguza sauti." Sikujua kwamba nilikuwa nasoma kwa sauti. Nilipochunguza nikagundua nimekuwa nikifanya hivyo wiki zote, midomo ikienda, nikivuta pale pa kuvuta, nikipumzika pale ambapo mtu angehitaji muda wa kuelewa. Nilikuwa nasoma kama kuna mtu mbele yangu kwenye kiti. Mkutubi akaniruhusu kukaa kibarazani upande wa nyuma, ambako siwasumbui watu.

Huko ndiko kaka alikonikuta. Alikuwa amekuja Bukoba na mzigo, akanipigia simu, na siku hiyo nilipokea. Nikamwambia niko maktaba. Alifika amebeba mfuko wa dagaa, akasita mlangoni kwa ajili ya harufu, akazunguka hadi nyuma. Akaketi mwisho wa benchi.

"Siku hizi hupokei simu," akasema.

"Nilikuwa nimechoka."

"Umenikasirikia."

"Ndiyo."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Najua umehesabu mara tatu. Nilikuja mara nne. Mara moja hukuniona."

Akanieleza. Ulikuwa wakati wa kahawa. Mimi nilikuwa nimekwenda Muleba kufuata dawa, jirani yuko uani anachambua maharage. Kaka aliingia, akamkuta Tata kwenye kiti. Tata alimkaribisha kama mgeni. Alimwuliza ametoka wapi, akamwuliza kama kwao mvua imenyesha.

"Kisha akaniambia hivi," kaka akasema. Alitazama pembeni, akasema maneno yenyewe kwa Kihaya, kama alivyoyasikia, na mimi hapa nayaandika kwa Kiswahili. "Kuna mama mmoja anakaa humu ndani. Sijui ni wa watu gani. Ananisomea. Ukimkuta njiani, mwambie asiondoke."

Nilikifunga kitabu nilichokuwa nasoma.

"Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia," akaendelea. "Halafu nikaondoka kabla hujarudi. Nilishindwa kuingia tena. Wewe uliweza, mimi nilishindwa. Ndiyo maana nilikuwa nakaa muda wa chai."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona utaumia. Unamhudumia mwaka mzima, halafu mimi nije nikwambie hajui wewe ni wa watu gani."

Nilimwambia kwamba siku aliyokufa nilikuwa nimeondoka. Nilimwambia alikuwa ameniulizia mara mbili. Kaka hakusema siyo kosa langu, na nilimshukuru moyoni kwa hilo, kwa sababu watu wengi walikuwa wameshaniambia na halikusaidia. Nikaendelea kusema. Nikamweleza ile siku ya mvua, beseni, nilivyomwambia mama yake amekufa, na alivyoomba koti. Nilieleza yote nikiwa nimekitazama kitabu kilichokuwa magotini mwangu.

"Mimi pia aliniuliza mama yake yuko wapi," kaka akasema. "Siku ile ambayo hukuniona."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia yuko sokoni. Akasema sawa."

Yuko sokoni. Mtu aliyekuja kwa nusu saa alilipata jibu hilo, na mimi mwenye mwaka mzima sikulipata siku nililolihitaji. Nilicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha nikashindwa kukizuia kikageuka kilio. Kaka akaweka mfuko wa dagaa chini, akasogea, akanishika bega. Tulikaa hivyo mpaka mkutubi akaja kusema wanafunga. Aliona, akarudi ndani, akaanza kufunga madirisha ya upande wa mbele kwanza.

Hatukupatana siku ile kwa maneno. Tulikwenda kwangu, nikakaanga dagaa kwa nyanya, tukala na ndizi, akaniuliza habari za shule, nikamwuliza habari za watoto. Mtoto wake wa pili alikuwa amepata kipaimara na sikuwa na habari. Mkewe alikuwa amelazwa wiki mbili na sikuwa na habari. Nilikuwa nimehesabu safari zake bila kuuliza kilichokuwa kikimshikilia kisiwani. Alinieleza bila lawama, na kila alichoeleza kilikuwa kitu ambacho dada anapaswa kukijua.

Mwezi uliopita tulikwenda Ijumbi pamoja kusafisha kibanja. Sikuweza kuingia chumba cha Tata. Kaka aliingia, akafagia, akatoa nguo, akazifunga kwenye shuka kwa ajili ya kanisa. Jirani alituletea maharage na viazi, tukala tumekaa kizingitini kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa kwenye kile kiti, na hakuna aliyetaka kukiondoa. Tukakiacha. Biblia nikaichukua mimi. Kaka alisema haihitaji, yeye siyo msomaji, lakini njiani kurudi aliniomba nimfungulie ukurasa ambao Tata aliandika siku tulizozaliwa. Akayatazama maandishi yale hadi tulipofika Muleba.

Sasa nina kitabu kimoja cha maktaba, kinene, cha watu wazima. Siku nyingine nasoma kurasa kumi. Siku nyingine nafungua, nakuta mtu ndani yake anamwuguza mtu, nafunga. Mkutubi hanihimizi. Nikikirudisha kabla sijamaliza ananiandikia tena, ananirudishia, na Jumatatu naingia darasani nikiwa nimesoma kidogo kuliko zamani na kwa sauti, mlango wa nyumbani ukiwa umefungwa, kwa sababu bado sijaweza kusoma kimya.